Hasira Zilizofichwa kwenye Fomu

Fundi wa mapaa alikuwa mpole hivi kwamba nzi walitua juu yake bila kupiga hodi, na yeye ndiye aliyeomba samahani. Kisha akateleza kwenye bati lenye umande, akaangukia kichwa. Mfupa uliunga, mikono ikashika tena kazi; upole ndio uliobaki pale chini, wala hakuna aliyeuokota. Sasa kijiko kikigonga kikombe tu, kikombe kinaruka, na meza inakifuata. Isingekuwa nzito, meza ile ingevuka mipaka ikaolewe huko. Baadaye hulia, akaomba radhi mpaka kwa meza.

Hospitali wakasema kuna dawa inajaribiwa, ya kupoza hasira za walioumia ubongo. Ila kwanza, wiki mbili bila kidonge, mkewe achore kistari kwenye fomu kila mume anapolipuka. Wenye hasira chache hawaingii.

"Usimhurumie kwenye karatasi, mama," muuguzi alimwonya.

Siku ya kwanza mume alilipuka mara saba. Mke akachora kistari kimoja, kalamu ikasita. Aibu ya mume ni nguo ya ndani. Nani huianika mbele ya wageni? Siku ya pili mume alimsukuma, mke akajigonga kiwiko mlangoni. Hiyo hakuichora kabisa. Alimwachia Mungu, ambaye hana fomu.

Wiki mbili zikaisha. Muuguzi akahesabu. "Vinne tu?"

"Ndiyo."

"Hata mimi nina zaidi, na sijaanguka popote! Huyu haingii, mama."

Mke akapandisha mkono wa gauni, kiwiko kilichovilia damu kikaonekana. "Nilimsitiri, dada. Ni saba kwa siku. Naapa."

Muuguzi alikitazama kiwiko kwa muda. "Pole sana. Lakini sasa niamini karatasi au mdomo? Nikiibadilisha fomu sasa, wakubwa wataitupa. Na orodha inafungwa leo."

Nje, mume alisubiri kwenye benchi, shati limefungwa mpaka kooni, kama anayeogopa kufeli mtihani.

"Wamenichukua?"

Mke akatafuta neno lisiloumiza. "Wamesema wewe huumwi kiasi hicho, baba."

Mume akautazama mkono wa gauni, ambao mkewe alisahau kuushusha.

"Kumbe si ugonjwa," akasema polepole. "Kumbe ndivyo nilivyo."