Marufuku ya Mifuko na Mbwa wa Mang Teroy

Mang Teroy alikuwa kinyozi mjini Antipolo, Ufilipino, mpaka mikono ilipoanza kumtetemeka na wateja wakahofia masikio yao. Akafunga kibanda, akahamia nyumba aliyonunuliwa na binti yake Evangelyn, muuguzi wa Dubai, katika mtaa wenye geti na walinzi mjini humohumo. Humo alikuwa na Kulot tu, mbwa jike mwenye manyoya ya kusokotana, ambaye binti alimwachia.

Kila asubuhi walitoka kutembea. Kulot akimaliza haja zake, mzee alivaa mfuko wa plastiki wa mkate mkononi kama soksi, akazoa, akaugeuza, akafunga fundo. Mfuko ulivumilia mtetemeko wake.

Kisha mvua kubwa ikanyesha, maji yakafurika mtaani. Mtaro ulipozibuliwa, ikatoka mifuko ya mavi ya mbwa, mingine imefungwa vizuri kama zawadi. Aling Delfina, mama aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha wenye nyumba, alipoteza piano kwenye maji yale. Akaitisha mkutano: plastiki marufuku, kila mtu azoe kwa gazeti au jani la mgomba, apeleke kwenye shimo la mboji nyuma ya uwanja wa mpira wa kikapu. Watu wakapiga makofi. Mang Teroy naye alipiga, maana mtaro kweli ulikuwa umeziba.

Lakini gazeti lilimshinda. Akizoa, linapasuka, akijaribu jani, linamponyoka, uchafu unamwangukia kwenye ndala. Siku moja Aling Delfina alimkuta hapo uwanjani. Nyuma yake mtumishi alikuwa amebeba majani ya kumzolea mbwa mweupe wa mama huyo.

“Mang Teroy, unazoa au unakoroga uji?”

Waliokuwa karibu wakacheka. Mzee naye akacheka kidogo, ili yaishe, kisha akasema kwa unyenyekevu, “Aling Delfina, vidole havinisikii. Niachie mimi mifuko, nitakwenda kuitupa mwenyewe huko nje.”

“Nikikuruhusu wewe, kesho mtaa mzima utatetemeka.”

Maneno hayo yakaenea. Watoto walipomwona wakaanza kutikisa mikono. Mlinzi akaagizwa amwangalie, na asubuhi moja akamsimamisha getini, akamwingizia mkono ndani ya shati, akatoa mfuko wa mkate mbele za watu. Picha ikarushwa kwenye kundi la simu la wakazi. Hakuna aliyemtetea. Wenzake wa kucheza dama wakaacha kumwita.

Basi akampa Kulot binamu yake mwenye shamba huko Tanay, mbali na mji. Mbwa hakubweka alipofungwa nyuma ya pikipiki. Alimtazama mzee tu, akidhani naye anapanda. Evangelyn alipopiga simu ya video na kutaka kumwona mbwa, baba alisema amelala. Akasema hivyo kila mara, mpaka binti akaacha kuuliza. Haikupita muda mrefu binamu akaleta habari kwamba Kulot alikata kamba, akashika barabara ya kurudi Antipolo, lori likamkanyaga.

Mzee alikaa ndani kwa muda. Halafu Aling Delfina akabisha hodi, amejaa ukarimu. Chama kimeona asikae bure, alisema. Atunze shimo la mboji, na wavivu wanaoacha uchafu njiani awazolee. Akamkabidhi debe na koleo dogo lenye mpini mrefu.

“Huinami, hushiki kitu kwa vidole. Unasukuma tu, uchafu unaingia wenyewe.”

Mang Teroy akalijaribu palepale kwenye udongo. Mikono ilitetemeka, koleo halikumwaga hata punje.

“Hili limenunuliwa lini?”

“Lilikuwa stoo tangu mafuriko. Hukuuliza.”

Alitaka kumrushia koleo miguuni. Badala yake akasema asante, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, na kwa kuwa shimoni angalau mbwa hupita. Asubuhi iliyofuata yule mbwa mweupe alichuchumaa kando ya uwanja. Mtumishi akamtazama Aling Delfina, naye akamtazama Mang Teroy. Mzee akaja na debe lake.

“Mnaona?” Aling Delfina akawaambia waliokuwapo. “Kumbe anaweza.”