Motokari Moja, Nyumba Mbili

Enzi zetu motokari haikuwashwa, ilisukumwa. Ninyi wa umri wangu mliokulia Kolwezi, mu kambi za wafanyakazi, mnajua ninachosema. Kabla ya chai, kabla hata ya kunawa uso, ulisikia mtu mzima anapiga bati kwa kofi na kuita: "Batoto, mukuye!" Tulitoka na nguo za kulalia, kila mmoja akashika mahali pake. Mi mahali pangu palikuwa nyuma, upande wa kuume. Upande wa kushoto alikuwa Kapinga, rafiki yangu, mtoto wa jirani. Tulisukuma mpaka injini ikohoe, ikohoe tena, ititemee moshi mweusi usoni. Hapo ilikimbia mbele, na sisi tukabaki katikati ya barabara tunacheza kwa furaha kama tuliizaa sisi.

Wajukuu wangu wakisikia hayo wanacheka. Mmoja aliniuliza kama hatukuwa na ufunguo. Ufunguo tulikuwa nao. Kilichokosekana ni vile vingine vyote.

Ile motokari ilikuwa ya nyumba mbili, yetu na ya Tata Kabeya, baba yake Kapinga, tuliyegawana naye ukuta. Baba yangu ni mtu wa kule Musumba, mwenyeji wa jimbo letu. Alifanya kazi mu depo ya kampuni, akiandika vyuma vinavyoingia na vinavyotoka. Tata Kabeya alikuwa fundi mu atelye. Wazazi wake waliletwa kutoka Kasai zamani kuja kuchimba shaba, lakini yeye alizaliwa hapa hapa Kolwezi. Baba alipata bodi la kamioneti ya zamani lililolala nyuma ya misioni, kuku wanatagia ndani. Tata Kabeya akaleta injini, kipande leo, kipande mwezi ujao, kama mtu anayeokota mifupa. Kila siku ya yenga baada ya misa uliona miguu minne imetoka chini ya ile motokari, na hukujua ipi ni ya nani mpaka uangalie viatu.

Mama yangu alikuwa anasema: "Bwana yangu alioa mara mbili, na bibi wa pili anakunywa mafuta."

Kisha kazi ya kampuni ikaharibika. Mshahara ulikuja ukitaka. Depo ikabaki na rafu tupu. Vipuri havikuwepo, na hata vingekuwepo, nani angevinunua? Basi wazee wetu walitengeneza kwa akili. Mafuta ya breki yalipokwisha, walitia maji ya sabuni, na breki ilishika, ila ukipita nyuma ulisikia harufu ya nguo zilizofuliwa. Radiatere ilipotoboka, walitia unga wa muhogo, ukaiva ndani na kuziba tundu. Tangi la mafuta lilioza, wakafunga bidoni juu ya paa na mpira mrefu unaoshuka hadi kwenye injini. Gurudumu lililokosa mpira wa ndani walilijaza majani makavu. Na mvua ikinyesha, mi na Kapinga tulikuwa na kazi ya kufuta kioo: kamba ilifungwa kwenye fagio la kioo, ikapita dirisha hili na dirisha lile, mi navuta huku, yeye anavuta kule. Tukifika Mutoshi tumelowa mpaka kwenye mifupa, lakini dereva ameona barabara. Leo mtoto akinyeshewa kidogo anataka dawa.

Kwa kuwa kitu cha watu wawili kinaleta maneno, wale wazee wawili walijiwekea desturi. Batri ililala kwetu, chini ya kitanda cha wazazi. Kwa Tata Kabeya ndiko kulikolala kidole. Kidole ni kile kipande kidogo kinachozunguka ndani ya delko na kugawa moto kwa injini. Kinatosha kwenye kiganja cha mtoto, lakini bila hicho injini hailii, hata uilaani. Hivyo hakuna aliyeweza kuondoka bila kubisha mlango wa mwenzake. Asubuhi baba alitoka na batri begani, Tata Kabeya akatoka na kidole mfukoni, wakasalimiana, wakafunga vitu vyao, ndipo sisi tukaitwa kusukuma. Batri nayo ilikuwa mzee, ilitosha kuleta cheche tu. Mi niliona ile desturi ni nzuri kama misa.

Halafu yakaanza yale maneno. Kwanza ilikuwa redioni, kisha sokoni, kisha vijana wakaanza kupita barabarani wakiimba. Watu wa Kasai warudi kwao. Wakawaita bilulu, yaani wadudu. Mi nilikuwa mtoto wa darasa la sita, nilitafuta wadudu hao nisiwaone. Nilimuuliza Kapinga kwao ni wapi. Akanionyesha mlango wao.

Siku moja, jua likiwa utosini, vijana walikuja wengi mpaka mbele ya nyumba ya Tata Kabeya. Wengine niliwajua, tuliimba nao kanisani. Walimwambia kesho mchana wasimkute. Mama Ntumba, bibi yake, alikuwa anasonga bukari. Hakuacha kusonga. Aliisonga mpaka ikashika sufuria na kuungua.

Watu wote waliofukuzwa walikuwa wanakwenda gare kungoja treni. Lakini nyumba ile ilikuwa na kaku, mama yake Tata Kabeya, miguu imevimba kama mihogo, hawezi kutembea hata mpaka choo. Gare ni mbali. Basi ilikuwa wazi kwa kila mtu, hata kwetu watoto: kaku ataenda na motokari.

Asubuhi Tata Kabeya alibisha kwetu. Kidole alikuwa nacho mkononi.

"Ndugu yangu, tupatie batri. Safari moja tu, mpaka ku gare. Wewe njo utaendesha, weye watakuacha upite."

Baba alikuwa amesimama mlangoni, hakumkaribisha.

"Batri ilikufa," akasema.

"Ilikufa lini?"

"Leo asubuyi."

"Jana tulienda nayo Mutoshi."

"Batri njo iko hivyo. Inakufa bila kuaga."

Mi nilikuwa nyuma ya baba. Batri niliiona kwa macho yangu chini ya kitanda, imefunikwa na kitenge cha mama, jambo ambalo halijafanywa hata siku moja. Tata Kabeya ni fundi. Mtu anayesikia ugonjwa wa injini akiwa barabara ya pili, utamdanganya juu ya batri? Alimwangalia baba, kisha akaangalia chini.

"Aya," akasema. "Batu batasukuma."

Alipotoka, mama aliingia kutoka jikoni. Hakupaza sauti. "Na kaku?"

"Motokari haipande treni," baba akajibu. "Ataiacha kule, bale batoto ba barabarani bataichoma. Afazali ibakie hapa. Na mi, wakiniona naibeba ile familia, kesho nyumba gani itafuata?"

"Nimekuuliza kaku."

Baba alifunga mlango. Sasa nimekuwa mtu mzima, naelewa alikuwa anaogopa, na woga wake haukuwa wa bure. Lakini naelewa pia kwamba aliitaka ile motokari. Mambo hayo mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja, mtu aliyenifundisha kufanya ishara ya msalaba.

Walimtia kaku kwenye kiti cha mbele, wakapakia magodoro, sufuria, cherehani. Tata Kabeya alifungua breki, akashika usukani kupitia dirishani na kusukuma kwa bega. Mama Ntumba alisukuma na mtoto mgongoni. Kapinga alishika mahali pake, nyuma, upande wa kushoto. Upande wa kuume palikuwa wazi.

Mi sikufikiri. Miguu ilizoea. Mtu akiisukuma ile motokari, mi ninakimbia, njo mambo yalivyokuwa kila siku ya Mungu. Nilikuwa nimekwisha kuweka mikono kwenye bati niliposikia baba: "Monika, rudi hapa." Nikajifanya sisikii. Tulipita nyumba moja, ya pili, ya tatu. Watu walisimama milangoni. Wengine walicheka, mwanaume mmoja akapiga kelele: "Bakasai, muweke mafuta!" Mama mmoja mzee alijifunika uso kwa kitenge. Sisi tulikuwa tunangoja ikohoe. Kwa mwendo ule siku zote ilikuwa imekwisha kukohoa. Haikukohoa. Ilisikika milio ya magurudumu, na ule mlango uliofungwa kwa waya ukigongagonga.

Kwenye kona baba alinifikia, akanishika mkono na kunivuta. Kapinga hakugeuka. Ukisukuma hugeuki.

Mngedhani yameisha. Siku ya tatu baba alitoa batri chini ya kitanda, akaniambia: "Twende, utasukuma." Mama alikataa kumwangalia. Kabla hatujatoka alinipa bukari na samaki, vimefungwa kwenye kitambaa, akaninong'oneza nimpe Mama Ntumba.

Gare sikuitambua. Watu walijaa mpaka juu ya reli, wamelala juu ya mikeka, mvua inawanyeshea, moshi wa kuni mbichi, watoto wanahara. Treni ilikuwa haijafika. Mwalimu wetu wa darasa la sita nilimwona pale ameketi juu ya sanduku, amevaa koti lake la shule. Nilimwamkia. Alinijibu kama tuko darasani.

Motokari ilikuwa kando ya ukuta. Kaku alikuwa bado kwenye kiti cha mbele, miguu juu ya kigoda. Watoto walilala nyuma, juu ya magodoro, chini ya turubai. Ndiyo iliyokuwa nyumba yao.

Baba alitua batri chini. "Nimekuja kuchukua motokari," akasema.

Tata Kabeya alimwonyesha reli kwa kidevu. "Treni haiyakuya, ndugu yangu."

"Najua."

Nilidhani atakataa. Nilidhani atapiga. Nililia kimoyomoyo apige. Aliita watu wawili, wakamtoa kaku na kumlaza juu ya mkeka penye matope, Mama Ntumba akamshikia sinia juu ya kichwa ili mvua isimpige. Watoto wakashuka mmoja mmoja, usingizi machoni. Mi nikampa Kapinga kile kitambaa.

"Leo tunasukuma?" akaniuliza.

"Sijui," nikasema.

Baba alifunga batri, akageuza ufunguo. Alikuwa ameipeleka batri mahali ikapata nguvu. Injini ikazunguka, haikuwaka. Akageuza tena. Na tena. Jasho lilimtoka kwenye mvua. Alikuwa amesahau kidole. Miaka yote akibeba batri, hakuwahi kubeba kidole, na siku hiyo hakukumbuka kwamba kipo.

Tata Kabeya alikuwa nacho. Kingeweza kutupwa kwenye majani, na ile motokari ingekuwa bati tupu, ingekaa pale, na kaku angerudi kwenye kiti chake. Watu walioketi karibu walikuwa wanamwangalia. Yeye alisimama, akafungua boneti, akatoa kidole kwenye mfuko wa shati, akakifuta vizuri na kukitia. Akakaza na kusikiliza. "Sasa," akasema.

Ikawaka mara moja. Haijawahi kuwaka hivyo.

Aliinamisha kichwa akiisikiliza kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto. Kisha akamwambia baba: "Usikanyage sana. Ukienda mpaka Nzilo, uongeze maji mbele ya kurudi, inachemka upesi." Akafunga boneti taratibu, kwa mikono miwili.

Baba alitia gia tukaondoka. Kiti nilichokalia kilikuwa na joto la kaku.

Ile motokari haikumaliza msimu wa mvua. Ilikufa, na baba hakujua kuitengeneza, ikarudi kwa kuku. Shule nayo iliniishia hapo, maana mwalimu alipanda treni na wengi pamoja naye. Baadaye mtu aliyerudi kutoka kule alituambia kaku hakufika. Walimzika njiani, mahali treni iliposimama siku nyingi. Ya Kapinga sikupata kuyajua mpaka leo.

Sasa Kolwezi imejaa motokari kuliko watu. Wajukuu wangu wanabonyeza kidude, inawaka. Ikiharibika wanaita fundi kwa telefone, yeye anaiunga na mashini, mashini inasema ugonjwa. Kuchafua mikono hawajui, na jirani wa ukuta wa pili hawamjui jina. Nawacheka, na wao wananicheka. Kuna jambo moja tu siwachekei. Mtoto akipewa hata kikombe cha maji katika nyumba yangu, akanywa na kuondoka bila kusema aksanti, namrudisha kutoka barabarani. Wanasema bibi ni mkali kwa kitu cha bure. Hawakuwa ndani ya ile motokari, kutoka gare mpaka nyumbani, wamekaa kando ya baba yao, wakingoja ageuze kichwa dirishani aseme lile neno moja, na barabara inakwisha.