Mlango Usio na Mwenzake

Mwanangu, iko siku moja ambayo bado naiona kana kwamba ilikuwa juma lililopita, ingawa ninyi vijana mnanitania kwamba nilianza kazi ya mitandao enzi ambazo kompyuta iliwashwa kwa teke kama pikipiki. Cheka tu. Ilikuwa Jumapili ya msimu wa mvua, katika mgodi mmoja wa shaba hapa nje ya Kolwezi, na kazi yangu pamoja na kazi za wenzangu wote wa ofisi ilikuwa mashakani.

Nikueleze kwanza tulivyofika hapo. Mtandao wa mgodi ule ulikuwa mmoja mkubwa, usio na mipaka ndani. Mtu akichomeka kebo vibaya kule kantini, mizani ya malori inaganda, ofisi ya mishahara inaganda, na walio kwenye nyumba ya pampu hawaoni tena maji yamepanda kiasi gani chini ya shimo. Hilo la pampu ndilo lililotuogofya zaidi, kwa sababu chini ya shimo kuna watu. Mkurugenzi akachoka. Akasema kazi ataipa kampuni ya kutoka nje ya nchi, na sisi vijana wa ofisi ya mtandao tutapewa barua za kutuaga.

Aliyesimama mbele yake ni mkuu wetu, mhandisi mwanamke kutoka familia moja ya Kikasai ya mtaa wa Manika. Jina lake la kwenye kitambulisho watu walishalisahau. Alipojifungua mapacha, kila mtu alianza kumwita Mama Muambuyi, maana ndivyo Waluba wa Kasai wanavyomwita mama wa mapacha, na yeye aliliona jina hilo kubwa kuliko cheo chake. Alimwomba mkurugenzi Jumapili moja tu. Alisema tutageuza kila kebo inayounganisha swichi mbili, vile visanduku vinavyogawa mtandao, iwe njia inayojitegemea: mlango wa huku, yaani tundu inapochomekwa kebo, upewe anwani yake, mlango wa kule upewe yake, ili ubovu wa kona moja ubaki katika kona hiyo. Na haitafanywa kwa mikono, alisema. Itafanywa na programu.

Mimi nilinuna. Nilikuwa nikijulikana kwa vidole vyepesi. Kuingia kwenye swichi, kuutoa mlango katika kundi la wote, kuupa anwani, kuandika unaelekea wapi, kuuwasha, kwenda kwa unaofuata; hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu pale ofisini, na sasa mashine inanipokonya. Mama Muambuyi hakunibeza. Aliniambia tu kwamba mikono yangu ni hodari mpaka njaa inapoingia, baada ya hapo nageuza namba. Wenzangu walicheka sana, kwa sababu wote walishawahi kupoteza nusu siku wakitafuta kosa langu moja.

Programu yake, nikwambie ukweli, ilikuwa nzuri hata kuitazama. Tuliandika njia zote katika faili moja, naye akaifundisha programu kuisoma faili hiyo na kutoa amri za kila swichi. Ilianza na swichi ya mbali kabla ya ile ya karibu, maana ya mbali hufikiwa kwa kupitia ya karibu; ukigusa ya karibu kwanza umejifungia nje. Lakini kilichonishangaza ni sharti alilolitanguliza. Programu haikukubali kugusa mlango wowote mpaka imempata mwenzake. Iliziuliza swichi zote mbili: nani yuko upande wa pili wa kebo yako? Majibu yakipishana na tulichoandika, inasimama hapohapo.

Nilijua sharti lile limetoka wapi. Mapacha wake walipozaliwa nilikwenda Manika kumpongeza, nami mtoto wa Sandoa, mgeni wa desturi za Kikasai, nikabeba shati moja dogo nikiwaza kwamba la pili nitalileta siku nyingine. Mama Muambuyi alilipokea, akalitazama, akanirudishia mkononi.

"Petit, mapasa habapokei kitu kimoja. Rudia nayo. Ukipata ya pili, utakuya na zote mbili."

Nilirudi na shati langu kwenye taxi-moto, pikipiki ya abiria, aibu imenijaa. Kwao, kumpa pacha mmoja na kumwacha mwenzake ni kuwatafutia ubaya wote wawili. Baadaye nilileta mashati mawili, nikapewa bukari, ugali wa kwetu, na samaki mpaka nikashindwa kusimama. Sasa desturi ileile ya nyumbani kwake ilikuwa inafanya kazi ndani ya programu, na wala haikuonekana ngeni mle.

Jumapili ikafika. Mkurugenzi alikaa nyuma yetu na kikombe chake cha chai. Programu ikaanza. Kazi ambayo ingenila majuma niliiona inapita kwenye kioo cha kompyuta mstari kwa mstari. Njia inageuzwa, pande zote mbili zinaitikia, inakwenda kwa inayofuata. Nilisahau kununa. Nilijisikia fahari kana kwamba nimeiandika mimi. Kisha ikasimama.

Ilikuwa njia ya nyumba ya pampu. Mlango tulioandika kuwa mwenzake ulijibu kwamba hauna mtu upande wa pili. Swichi ya pampu nayo ilijibu kwamba imeungana na swichi nyingine, isiyo na jina ila lile la kiwandani. Hatukuijua. Mkurugenzi aliuliza kuna nini, na katika sauti yake niliisikia ile kampuni ya nje ikikaribia. Nikamnong'oneza Mama Muambuyi auzime ule ukaguzi kwa njia hiyo moja tu, tuilazimishe ipite, mengine tutarekebisha kesho. Hakupandisha sauti.

"Mashine inasema haiyui, na weye unataka niiambie inyamaze? Kamata pikipiki, uende uone na macho yako."

Nilikwenda, matope hadi magotini. Kule nilimkuta fundi umeme wa zamu, mtu mwema kabisa, ambaye siku chache kabla aliona kabati letu linadondokewa na mvua. Akaihamishia kebo kwenye kabati kavu, akaweka swichi ya akiba, kioo chake kikaendelea kuonyesha maji ya shimo, na hakuona sababu ya kumsumbua mtu. Alifanya jambo la akili, ila alisahau kusema. Kama tungelazimisha, kioo kile kingezimika mvua ikiwa inanyesha na zamu nzima iko chini. Nilipolielewa hilo nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mwanamke yule. Nilimpigia simu, nikamsomea namba iliyobandikwa kwenye swichi na kumwambia kebo imeingia mlango upi. Akaipa swichi ile jina, akairekebisha faili, akaanzisha tena. Programu ikapita hadi mwisho.

Niliporudi nimelowa, mkurugenzi alikuwa amesimama, anatabasamu. Kumbe tabasamu lile lilikuwa na yake.

"Madame, kama mashine inamaliza kazi yote Jumapili moja, aba batoto bako banabakia kufanya nini?"

Tulikuwa tumefanya vizuri kiasi cha kujifukuzisha kazi wenyewe. Mama Muambuyi alifunga kompyuta yake bila haraka, akamgeukia.

"Chef, mulikuwa hapa wakati ilisimama. Ilisimama sababu tuliifundisha kusimama. Kisha nani alienda ku pompe? Programu haina miguu. Mukitoa aba batoto, siku ingine ikisimama, mutaenda mwenyewe."

Mkurugenzi alitazama viatu vyangu, halafu akatazama vyake. Akachukua kikombe chake, akaondoka. Barua zetu hazikuandikwa, na kesho yake asubuhi mimi ndiye niliyevuta kiti karibu na Mama Muambuyi nikamwomba anifundishe kuandika programu. Nimefanya kazi na wakubwa wengi tangu hapo. Kama yeye sijampata.

Basi nisikilize, mwanangu, wewe unayeanza leo. Usiionee wivu mashine; kazi ya kurudiarudia iachie, itaifanya bila kuchoka na bila njaa. Wewe uifundishe vizuri, na katika mafunzo yote uyatie haya: ikiwa haijui, isimame. Ikisimama, usiifunge mdomo ili mkubwa afurahi. Inuka, uende uone. Hapo ndipo kazi yako ilipo, na wakikuuliza unalipwa kwa nini, waambie ni kwa ajili ya kuinuka huko.

Nenda salama. Mungu akupe kichwa kinachosikia na mkuu wa kazi anayejua kukutetea. Wanaoshuka shimoni wakati wewe uko kazini wapande wote jioni, wakale na watoto wao, wala wasijue kamwe kwamba ulikuwepo.