Mzigo Aliokatazwa Springi

Springi, fundi seremala na mchezaji wa voliboli, alikuwa bado uwanjani wakati wenzake wa rika lake walishakuwa watazamaji. Jina alipewa ujanani kwa jinsi alivyoruka. Siku hizi goti lake la kulia lilimlilia hata akiinuka kitini. Baridi yabisi hiyo, alisema daktari wa viungo, haiponi, inatunzwa tu. Akamwambia apunguze mzigo, la sivyo msimu ujao ausahau.

Mtu mwingine angeuliza mzigo gani. Springi hakuuliza, maana jibu alishalichagua. Alifika nyumbani akichechemea kwa ustadi, akamtangazia mkewe kwamba daktari amepiga marufuku kubeba mizigo. Tangu hapo mtungi wa gesi ukawa haumhusu, ndoo za maji akazipisha njia kwa heshima, na vikapu vya sokoni akavionea huruma akiwa kochini. Jioni kochi lilibaki tupu. Bwana alikuwa uwanjani akiruka wavuni kila siku ya Mungu, na akirudi goti limevimba, lawama zote anaitupia randa yake ya kazini.

Mkewe alibeba vyote. Lakini mama huyo si wa kuchezewa shere. Siku ya kliniki alitangulia mlangoni, akasema anamsindikiza mgonjwa wake. Springi alitoa visingizio vyote alivyokuwa navyo, akaambulia patupu.

Mbele ya daktari, mke aliuliza kwa upole kama mumewe anaruhusiwa walau nusu ndoo. Daktari akashangaa. Mzigo aliousema ni wa mazoezi, kuruka na kukimbia kwa juma zima. Kuinua vitu kwa kiasi kungemfaa, maana paja likipata nguvu, goti linapata nafuu. Springi akaitazama taa ya darini kana kwamba ndiyo kwanza imewekwa.

Njiani mkewe hakumgombeza, na hilo ndilo lililomtisha. Akaropoka mwenyewe.

"Nikipunguza kuruka, kocha atampanga mwingine. Nikizoeleka benchi, ndiyo basi tena, mke wangu."

"Na goti likikufia, atakupanga wapi? Sebuleni kwangu?" Alicheka, kisha akaacha. "Baba watoto, mimi napenda kukuona ukiruka. Ndiyo maana nataka uruke na mwakani."

Ratiba ikahamia mikononi mwa mke. Leo kuruka, kesho pasi za kusimama na mazoezi ya paja. Kila asubuhi alilibonyeza goti kama anachagua parachichi, na likiwa limefura, hakuna uwanja.

Fainali ikafika. Springi aliruka vizuri mpaka seti ya mwisho, pointi zikiwa sawa, ndipo goti likaanza kujaa. Kocha hakuona. Mkewe jukwaani alikuwa akipiga soga na jirani. Aliyejua ni Springi peke yake, na kudanganya alikuwa anakuweza sana.

Akainua mkono kuomba kutoka. Kocha, kwa jinsi anavyomfahamu, akadhani ni utani. Ikabidi auinue tena.