Maziwa Yakiwa Yanashikana

Kila tunapokata fromaji mpya, jibini yetu ya maziwa, jikoni kwetu masista, harufu yake inanirudisha kwenye nyumba yetu ya mbao, juu ya kilima cha Masisi. Siku moja, nikiwa bado mtoto, Mama alikuwa ametia dawa ya kugandisha ndani ya maziwa vuguvugu. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kando ya sufuria, nikisali kwa sauti: “Mungu, unifanye sista! Unifanye sista!”

“Weye unasema tu,” Mama akaniambia. “Yeye atakujibu saa ngapi?”

Nikachukua mwiko nikoroge maziwa, ili yashikane haraka. Akanishika mkono.

“Wacha. Ukikoroga sasa, itaharibika.”

Tukakaa, macho juu ya sufuria, mvua ikipiga mabati. Mkono wake haukuniachia. Nilikuwa binti yake wa pekee. Kisha akafumba macho na kusali polepole: “Mungu, kama ni weye unamuita, sitamushika.”

“Mama, Mungu amesema nini?” nikanong’ona.

Aligusa maziwa kwa ncha ya kidole, akaona yameshikana.

Ndipo akaniachia mkono.