Chuma cha Reli Mlangoni

Mimi si mtu wa mapepo. Naendesha kijiko, lile dude la minyororo lenye mkono mrefu na ndoo ya meno, na nimeshaangusha maghala, madarasa na nyumba za watu huku wenyewe wakinilaani. Wanaume wakiniona juu kwenye kiti hawakosi neno. "Dada, hicho kijiko si cha kupakulia wali!" Nawaambia wasogee nisije nikawapakua wao.

Basi nilipopewa kazi ya kuvunja kiwanda cha mkonge cha kambi niliyozaliwa, huku Korogwe ya bondeni, sikulia wala nini. Kiwanda kilishakufa zamani. Mashine ziliuzwa, likabaki jengo la zege, refu, nguzo nene, na popo wake. Babu yangu alikuja hapo na manamba wenzake, vibarua wa mkataba, akazikwa hapohapo. Mama yeye alifanya kazi chumba cha brashi, kule mkonge uliposuguliwa mpaka ukang'aa, na hadi leo anaishi kwenye nyumba za kambi, ng'ambo ya barabara. Akili yake sasa inakuja na kuondoka. Kuna siku mimi ni mwanawe, kuna siku ni dada mmoja tu anayempikia uji. Inauma, sitasema haiumi.

Kilichotusumbua tangu mwanzo ni chuma cha reli. Kilikuwa kinaning'inia kwa mnyororo mlangoni, kwenye boriti ya zege. Zamani mnyapara alikigonga alfajiri, taratibu, watu wakaingia kazini. Wakati wa kutoka alikigonga harakaharaka, watu wakatoka. Bila mlio huo huingii, na ukishaingia hutoki. Vibarua tuliowachukua pale kambini waligoma kukifungua. "Hicho hakishikwi na mtu ila mnyapara," walisema, na mnyapara wa mwisho tulimzika mimi bado nasoma shule ya msingi. Msimamizi wetu, mtu wa mjini, akacheka. Akasema kiachwe, kitashuka na jengo.

Asubuhi ile mawingu yalikuwa yameshuka kutoka milima ya Lutindi mpaka juu ya mikonge. Mama nilimwacha kwa jirani. Nikaanzia upande wa nyuma. Ndoo ilipogonga nguzo ya kwanza, jengo zima likatetemeka, na kule mbele chuma kikalia. Ngo. Nikagonga tena. Ngo. Taratibu, vilevile kama mnyapara alivyokuwa akikigonga. Nikajisemea, mtikisiko tu huo, wewe mwanamke, piga kazi.

Nikaulaza ukuta. Kipande kikubwa cha paa kikabaki kinaning'inia kwa nondo. Vumbi lilipopungua nikawaona wazee wa kambi wamesimama kando ya barabara, kwenye mstari, kila mtu na panga lake la kukatia mkonge. Hakuna aliyewaita. Wengine wao nilikuwa najua hawajatoka vyumbani tangu masika. Nyuma yao jirani alikuwa anakuja mbio, anapunga kanga.

"Zima! Zima! Mama yako kaingia humo!"

Mungu wangu. Sijui nilishukaje. Nilipofika mlangoni nilimwona kule mwisho, chumba cha brashi, chini ya lile paa. Alikuwa amejifunga kanga puani, mikono inakwenda mbele na nyuma kwenye mashine isiyokuwepo. Changarawe zilikuwa zinamdondokea mabegani, wala hazipangusi. Msimamizi akanidaka mkono. "Ukiingia, mtafia humo wote wawili."

"Mama! Toka!"

Akajibu bila kugeuka, kwa sauti ya msichana ambayo sikuwahi kuisikia maishani mwangu. "Kengele haijalia, dada. Unataka mnyapara anifukuze?"

Na mama yangu havutwi. Ukimshika akiwa katika hali ile, anang'ang'ania chochote kilicho karibu, na pale kilichokuwa karibu ni nondo za paa. Nikapandwa na hasira, hasira ya kila kitu. Nikaokota kipande cha nondo, nikaenda kusimama chini ya chuma cha reli.

"Mwanangu, usikiguse!" mzee mmoja akapiga kelele kutoka barabarani.

Nikamjibu vibaya, Mungu anisamehe. "Basi mfufueni mnyapara!"

Nikakigonga harakaharaka. Mlio ule tulikuwa tunaujua kwa matumbo yetu, sisi watoto wa kambi. Ukilia, mama anarudi.

Mikono yake ikasimama. Akakung'uta kanga, akaanza kuja, polepole mno. Kila akifika kwenye nguzo alisogea pembeni na kuinamisha kichwa. "Pita, bibi. Pita tu, mimi sina haraka." Hapakuwa na mtu. Kule barabarani wazee wakarudi nyuma hatua moja, wakaacha njia.

Alipovuka mlango nilimkumbatia nikalia kama mtoto. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi, kama alivyokuwa akirudi enzi zile. "Umenifuata kazini, mwanangu?" akasema. Aliniita mwanangu.

"Haya, ondokeni hapo, tumalizie," msimamizi akasema.

Mama akamnyooshea kiganja. "Subiri, baba. Wenzangu bado wanatoka."

Tukasubiri. Upepo haukuwepo, lakini vumbi la mlangoni lilikuwa likitembea, linatoka, linatulia, linatoka tena. Sikutaka kuuliza, nikauliza.

"Wameisha, mama?"

"Bado mnyapara. Yeye hutoka mwisho."

Msimamizi alikuwa amesimama katikati ya mlango. Akatazama ndani, akavua kofia yake ya plastiki, akasogea pembeni.