Kijibwa cha Marehemu Mama

Juma lililopita, katika kliniki ya mifugo hapa Nakuru, mwanamume mmoja wa Njoro aliweka mezani kijibwa chenye manyoya marefu meupe, kikitetemeka.

"Daktari, huyu alikuwa wa mama. Tangu tumzike, habweki. Dawa iko?"

"Analala wapi?"

"Kwa geti, na mnyororo. Mama alikuwa anamlaza kitandani, fikiria!"

Daktari alisikiliza kifua kile kidogo. "Ana nimonia. Huyu si mbwa wa kulinda, boss. Ni wa kupakatwa. Mlaze ndani kwa joto, la sivyo atakufa."

"Nimpakate? Mimi? Majirani watasema nini?"

Kijibwa kikaegemeza kidevu mkononi mwa yule mwanamume. Akauvuta mkono, akapangusa sweta.

"Mdunge tu sindano ya kifua. Akipona, arudi kazi."

Kikadungwa, kikabebwa kwapani kama kabichi, kikarudishwa kwenye baridi ya Njoro.

Napenda hesabu, nami hii nimeirudia mara kadhaa. Mama yule aliwalea wawili chini ya paa moja, mwana na mbwa. Anayemwomboleza ni mmoja, naye amefungwa mnyororo.